Mililita Ngapi?

Kununiwa kuna siku zake. Siku ya kwanza hasira zako mwenyewe zinakutosha. Ya pili unajiambia atapiga tu, ataenda wapi. Ya tatu na ya nne unaichungulia simu kila baada ya dakika tano, halafu unajifanya ulikuwa unatazama saa. Ijumaa ile ilikuwa siku ya tano, na Daktari alikuwa amesimama kando ya kitanda cha nne, mbele ya mtoto mwenye furaha kuliko watu wote wodini, huku mawazo yote yako kwa mchumba wake, fundi bomba wa hospitali hiyo hiyo, aliyesema "nipe muda" akaenda zake.

Mtoto wa kitanda cha nne alikuwa na miaka minne na wauguzi walimwita Bosi. Aliletwa amelegea, baada ya kuharisha na kutapika siku tatu mfululizo, na figo zake zikasimama kufanya kazi. Siku tisa nzima hakutoa hata tone la mkojo. Mashine ilimsafisha damu siku moja baada ya nyingine, na kwa kuwa maji yasiyotoka hayana ruhusa ya kuingia, alinyweshwa kwa kikombe cha kupimia dawa. Bosi aligombea kile kikombe na kila aliyevaa nguo nyeupe. Alimsihi daktari, akamtisha Sista, akajaribu hata kumhonga mfagizi kwa biskuti.

Jana yake jioni, mfuko wa mkojo uliokuwa ukining'inia chini ya kitanda ulianza kupata rangi. Mililita sitini. Mtu mwingine angeona robo kikombe cha mkojo, basi. Daktari aliona figo mbili zimeamka, akalia waziwazi mbele ya wauguzi.

Alikuwa tayari daktari bingwa wa watoto. Sasa alikuwa akisomea ubingwa wa juu zaidi, wa figo za watoto, chini ya profesa mmoja mwembamba, mkali, ambaye wanafunzi wake walimwita Mama Figo. Mama Figo alikuwa na sheria moja isiyo na mjadala: mgonjwa wako ni mwanao mpaka siku anayoruhusiwa. Ole wako umwite "kesi". "Kesi ziko mahakamani," angekuambia. "Hapa kuna watoto. Haya, mwanao vipi?" Wiki hiyo alikuwa amesafiri kwenda kusimamia mitihani, lakini alitaka ripoti kwa ujumbe wa simu kila jioni.

Ndiyo maana ujumbe wake wa asubuhi ulimshangaza Daktari. *Mwanao vipi? Kimya chako kinanitisha.*

Kimya gani tena? Si alimwandikia jana, akilia kwa furaha? Labda mtandao. Alikuwa anajiandaa kujibu pale Sista alipochungulia mlangoni.

"Daktari, una mgeni. Mama mmoja hivi, uso ameukaza sawasawa. Nimemwambia kiti kile pale, ananiambia hakuja kukaa."

Daktari alitoka. Kwenye korido, mkoba kwapani na miwani ikining'inia shingoni kwa kamba, alisimama mama yake Fundi.

Watu wote walimwita Mwalimu. Alikuwa ameongoza shule miaka mingi, akastaafu, lakini wino mwekundu haukumtoka damuni. Tangu mwanzo hakuupenda uchumba huu. "Mwanamke anayelala kazini kuliko nyumbani," alimwambia mwanawe, "ataolewa na wewe au na kitanda cha wodi?" Upande wa pili, baba yake Daktari naye aliwahi kupinga, bingwa mzima aolewe na fundi bomba, lakini upinzani wake ulidumu wiki mbili tu, mpaka bomba la jikoni kwake lilipopasuka. Mwalimu ndiye aliyekawia kulainika. Hatimaye alikubali, na kesho, Jumamosi, yeye na kaka yake walikuwa waende kwa baba yake Daktari kukamilisha mazungumzo ya ndoa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Iliitikwa kwa mdomo tu. "Sitakaa. Nimekuja kumwona mtoto."

Daktari alipigwa na butwaa, kisha akapata joto moyoni. Kumbe Fundi amemsimulia mama yake habari za Bosi! Mtu aliyenuna kabisa hawezi kufanya hivyo.

"Mwanangu? Karibu sana, Mama! Yuko humu ndani. Leo amechangamka kweli."

Mwalimu alifumba macho kidogo. "Kwa hiyo hukatai."

"Nikatae nini?"

"Ana umri gani?"

"Miaka minne. Anaelekea mitano."

"Minne." Mwalimu alihesabu kwa vidole, polepole. "Na mwanangu mmejuana lini?"

"Miaka miwili na miezi mitatu."

"Ahaa. Na baba yake huyo mtoto yuko wapi?"

"Ni dereva wa malori ya masafa. Maskini, bado hana habari, alikokuwa simu haishiki. Lakini leo anafika, nitamweleza mwenyewe."

"Na akishajua, atakuoa?"

"Anioe mimi?" Daktari alicheka kwa mshangao. "Mama, yule ana mke wake!"

Mwalimu, aliyesema hatakaa, alikaa. Alikaa kwa ghafla mpaka kiti kikalia.

"Ana mke," alirudia. "Na huyo mke anajua kwamba kuna mtoto?"

"Atakosaje kujua? Yumo humo, ndiye anayemlisha."

Sista, aliyekuwa akijifanya anapanga mafaili, aliangusha faili.

Hapo hapo mlango ulifunguka, na mwanamke kijana, kanga mabegani na kijiko mkononi, akatokeza kichwa. "Daktari! Njoo uone, mwanao anakojoa tena!"

"Wewe ni nani?" Mwalimu aliuliza, sauti yote ya ukaguzi wa asubuhi ikiwa imemrudia.

"Mimi?" Yule mwanamke alimtazama Daktari kama anayeomba msaada. "Mimi mama yake."

"Na huyu?"

"Huyu daktari wake. Lakini tangu tulazwe hapa anasema mtoto ni wake, na mimi nimemwachia. Siku tisa alizomhangaikia, hata akitaka mguu mmoja nitampa."

Mwalimu alifungua mkoba taratibu, akatoa simu, akavaa miwani, akasoma kwa sauti, akiweka kila nukta mahali pake:

"'Mama, mwanangu amekojoa. Mililita sitini. Nimelia kama mjinga. Baba yake bado hajui, nitamwambia akirudi safari. Usimwambie mtu kwanza, tusije tukajitia nuksi.'"

Damu ilimpanda Daktari usoni mpaka masikioni. Alitoa simu yake mfukoni, akafungua orodha ya majina, na jibu likawa pale, mistari miwili iliyofuatana. Mama F. Mama F. Wa kwanza ni Mama Figo. Wa pili ni mama wa Fundi. Jana jioni, macho yamejaa machozi, kidole kilishuka mstari mmoja zaidi.

"Mama," alisema, "naomba ardhi ipasuke niingie."

"Isipasuke kwanza. Nieleze."

Akaeleza. Profesa, sheria ya "mwanao", ripoti za jioni, herufi moja. Alipofika katikati ya maelezo, mama yake Bosi alishaanza kucheka, amejiziba mdomo kwa kanga, na Sista alikuwa ameegemea ukuta. Mwalimu hakucheka. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, na mabega yake yakaanza kutikisika kidogo kidogo, mpaka kicheko kikamtoka kikubwa, cha mtu aliyelala na jiwe kifuani akaamka halipo.

"Sikulala," alisema akijifuta macho. "Usiku kucha najiuliza, nitamwambia nini kaka yangu? Kwamba bibi harusi ana mtoto wa mume wa mtu, na mke mwenyewe ndiye yaya?"

Kisha Daktari alikumbuka jambo, na kicheko kikamkauka. "Mama, ujumbe huu… umemwonyesha yeye?"

"Nani? Mwanangu? Nilimwamsha alfajiri nikamwekea simu usoni."

"Akasema nini?"

"Ndicho kilichonileta mbiombio. Nilitegemea atafura. Akasoma, akakaa kitandani, akaniuliza, 'Mama, mililita ngapi?' Nikamwambia imeandikwa hapo, sitini. Akasema, 'Afadhali. Siku tisa alikuwa hajakojoa.' Akageukia ukutani akalala tena. Nikasema basi, mwanangu kwisha. Mapenzi yamempofusha, hata la mtoto wa nje halimshtui. Nikaona nije nijionee mwenyewe."

Siku tano Daktari alidhani Fundi ameifuta hospitali hii akilini, na yeye akiwemo. Kumbe mtu alikuwa anahesabu siku za mkojo wa Bosi pamoja naye.

"Twende basi unionyeshe huyo mjukuu wangu wa kusingiziwa," Mwalimu alisema, akainuka.

Bosi alimpokea mgeni kwa kumkagua kuanzia viatu. Wenye nguo nyeupe alishawasihi wote bila mafanikio. Huyu hakuwa na nguo nyeupe. "Bibi," alimwambia kwa sauti ya kubembeleza, "nipe maji."

Mwalimu alimgeukia Daktari. "Anaruhusiwa?"

"Jana hakuruhusiwa. Leo figo zinafanya kazi. Kikombe kizima, Mama, na umpe wewe."

Mtoto alikishika kikombe kwa mikono miwili. Alikunywa chote bila kupumua, akatoa macho, akachungulia ndani kuhakikisha hakuna kilichobaki, akasema, "Ingine." Mama yake aligeukia dirishani. Mwalimu alibaki ameshika kikombe kitupu.

"Huo mwaka mmoja unaokwenda kusoma nje ya nchi," alisema baadaye kidogo, bila kumtazama Daktari. "Mwanangu aliniambia Jumapili. Huko utasomea nini ambacho hapa hakipo?"

"Kupandikiza figo kwa watoto. Huyu zake zimerudi. Wapo ambao haziamki tena, na sisi hapa tunabaki na mashine tu, miaka na miaka. Nataka niwe na kitu kingine cha kuwaambia mama zao."

Mwalimu aliitikia kwa kichwa polepole, kama anayesahihisha jibu na kulikuta sawa. "Yuko chini," alisema. "Chumba cha maji. Nimeliona begi lake la spana mlangoni nilipokuwa naingia. Nenda."

Daktari alishuka ngazi karibu akimbie. Chumba cha maji ndiko walikoanzia. Mashine ya kusafisha damu hutumia lita mia na zaidi za maji kwa mgonjwa mmoja, na maji hayo hayana mchezo. Yakibaki na dawa ya kuulia vijidudu inayotiwa kwenye maji ya bomba, yanaharibu damu ya mtoto. Miaka miwili iliyopita Fundi alizima mitambo yote asubuhi moja kwa sababu kipimo kilibadilika rangi. Daktari alishuka na hasira, akamwita mkaidi mbele ya watu. Fundi alimwonyesha kipimo, akangoja anyamaze, akasema, "Daktari, wewe na mimi kazi yetu moja. Maji yaingie pa kuingia, yatoke pa kutokea." Wiki iliyofuata Daktari alirudi tena chumba cha maji, na safari hiyo hakuwa na sababu yoyote ya kikazi.

Sasa alimkuta amepiga goti, anabadilisha chujio, mgongo mlangoni.

"Mia mbili na kumi," Daktari alisema.

Spana ilisimama. "Tangu lini?"

"Tangu alfajiri. Na kuna nyingine sasa hivi, haijapimwa."

"Afadhali," alisema Fundi, na bega lake likashuka. "Ikipimwa niambie."

"Ulijuaje kwamba ni siku tisa?"

"Nilikuwa namuuliza Sista kila asubuhi kabla hujafika."

"Sista hajaniambia kitu!"

"Nilimkataza. Nilikuwa nimenuna. Mtu akinuna, anune vizuri."

Daktari alitaka kucheka, machozi yakatangulia. "Umenuna kwa sababu ya mwaka mmoja?"

Fundi aligeuka. Macho yake yalikuwa mekundu, na ndevu za siku tano zilimkaa vibaya. "Mwaka ni nini? Kipuri cha hii pampu nimekisubiri miezi kumi na minne."

"Basi ni nini?"

"Ulisema 'nimeshasaini'." Alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Jumapili ile nilikuja kukuuliza tupake rangi gani chumbani. Ukaniketisha, ukaniambia kwa upole, jinsi mnavyowaambia wazazi majibu ya vipimo. Karatasi ina sahihi na muhuri, mimi kazi yangu kuitikia. Mimi si mzazi wa mgonjwa wako. Ungeniuliza."

"Niliogopa kukuuliza."

"Uliogopa nini? Kwamba nitakataa?"

"Kwamba ukikataa, nitabaki." Sauti ilimvunjika, akaiacha ivunjike. "Ungesema neno moja tu, usiende, nisingekwenda. Nakupenda kiasi hicho, na ndicho kilichonitisha. Ningebaki hapa, halafu ningekulaumu mpaka tuzeeke. Ndiyo maana nikasaini kwanza. Nilikosea, nisamehe."

Pampu ilinguruma kati yao. Uso wa Fundi ulilainika bila yeye kutaka.

"Niulize sasa."

"Nimeshasaini."

"Niulize hivyo hivyo. Nataka kuulizwa."

Daktari alipangusa mashavu. "Niende?"

"Nenda."

Lilitoka haraka mno, mpaka wote wawili wakatabasamu.

"Na utanisubiri?"

"Hapana."

Tabasamu lilimganda Daktari usoni.

"Mchumba ndiye anayesubiriwa," Fundi alisema. "Mke anafuatwa. Tufunge ndoa kabla hujaondoka, na mimi nitakuwa nakuja huko kila nikipata nafasi. Huko nako kuna mashine, zinahitaji maji, na mabomba ni yale yale, yanavuja duniani kote." Alimfikia, akamshika uso kwa viganja vyenye harufu ya chuma. "Siku tano nimekaa bila sauti yako. Usiniache ninune tena, sina kipaji."

Daktari aliegemea kifua chake, kola ya koti jeupe ikipata doa la grisi, na hewa ikamtoka yote aliyokuwa ameibana tangu Jumapili.

Kikohozi kilisikika mlangoni. Mwalimu alikuwa amesimama pale, mkoba kwapani.

"Wamepima ile nyingine," alitangaza. "Tisini na tano. Nimeshuhudia mwenyewe." Kisha, kwa mwanawe, "Na wewe, siku nyingine nikikuonyesha ujumbe wa namna ile, uniambie mtoto ni mgonjwa. Usinigeukie ukutani."

"Mama, nilidhani unajua."

"Ningejulia wapi?" Akanyoosha mkono kwa Daktari. "Lete simu hiyo."

Daktari alimpa. Mwalimu aliisogeza mbali kidogo na macho, akaipata ile mistari miwili. "Mimi ni yupi hapa?"

"Wa pili."

Kidole cha Mwalimu kilipanda juu ya orodha, kikasimama. "Na huyu aliyeandikwa Mama tu, bila herufi?"

"Ni mama yangu mzazi. Alifariki mwaka wangu wa kwanza wa kazi. Namba nimeshindwa kuifuta. Ndiyo maana wengine wote nawaandika na herufi."

Mkono mwingine wa Mwalimu ulimshika Daktari kiwiko, ukabaki hapo.

"Usiifute," alisema taratibu. "Hiyo iache ilivyo. Ila mimi nitoe kwenye hiyo F. Maisha yangu yote nimewakataza watoto kufupisha maneno, na umeona yanapotufikisha. Niandike kwa kirefu."

"Nikuandike Mama nani?"

"Mama Mkwe," alisema Mwalimu. "Maneno mawili, herufi kubwa zote mbili. Na kesho saa nne mimi na kaka yangu tuko kwa baba yako, mwambie asichelewe kuamka."

Daktari aliandika, herufi moja moja. Kisha akakumbuka kwamba Mama Figo alikuwa bado anasubiri ripoti tangu jana. Akaandika: *Mwanangu amekojoa. Jana sitini. Leo mia tatu na tano mpaka sasa.* Fundi alichungulia begani, akasema aongeze kwamba yule wa chumba cha maji ameacha kununa. Akaongeza. Na kabla hajatuma, vichwa vitatu viliinama juu ya simu ile, kuhakikisha ujumbe unakwenda kwa nani.